Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: utafiti wa kuwasaidia wanafunzi wa kidato cha pili wanaokwama katika Historia, Moshi

Maswali haya yametoka kwa wazazi, walimu, wanafunzi wenzangu wa ualimu na wanafunzi wenyewe. Nimeyapanga kuanzia yale ya mwanzo hadi yale yanayozua ubishi. Mzazi mwenye haraka asome la 2, la 5 na la 12.

## Mambo ya kwanza

1. Huu ni utafiti wa nini hasa?

Ni utafiti wa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza ya ualimu. Ninafanya kazi na wanafunzi wa kidato cha pili katika shule moja ya kata ndani ya Manispaa ya Moshi, wale ambao alama zao za Historia ziko chini mtihani baada ya mtihani. Nataka kujua jambo moja. Mwanafunzi wa namna hiyo akianza na ushahidi anaoweza kuuona au kuusikia hapahapa Kilimanjaro, akaujadili kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza, je, atajibu vizuri kuliko akipewa notisi zilezile kwa mara ya pili?

Hayo maneno ya mwisho nimeyaweka kwa makusudi. Masomo mengi ya ziada yanarudia kipindi cha asubuhi: notisi ubaoni, wanafunzi wananakili. Aliyekosa kuelewa asubuhi anakosa tena jioni, safari hii akiwa na njaa.

2. Mwanangu anawajua wachezaji wote wa Simba na Yanga, lakini Historia anapata F. Ni mvivu?

Hakuna swali ninaloulizwa kama hili. Mtoto anayeshika majina yote hayo ana kumbukumbu nzuri tu. Tazama anavyoyashika: anajua nani alitoka timu gani, alisajiliwa kwa nini, alimfunga nani na mashabiki walisemaje. Kila jina limefungwa kwenye kisa. Kwenye Historia anapewa majina yaliyofunguliwa, bila kisa, tena kwa Kiingereza, lugha ambayo hadi darasa la saba ilikuwa kwake somo moja kati ya mengine.

Uvivu upo, sikatai. Lakini ninauweka mwisho wa foleni, baada ya kupima mambo yaliyoelezwa kwenye swali la 5.

3. Kwa nini kidato cha pili?

Kwa sababu ya upimaji wa kitaifa wa NECTA, ambapo asiyefikia kiwango hurudia kidato, na kwa sababu bado kuna muda. Wa kidato cha nne anataka kupita tu, na simlaumu.

4. Je, hii ni tofauti na Historia ya Tanzania na Maadili?

Ndiyo, ni masomo mawili. Historia ya Tanzania na Maadili hufundishwa kwa Kiswahili. Historia ninayoizungumzia hapa inafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na inakwenda hadi Afrika nzima na nje yake. Mtaala mpya umeanza kutumika kwa awamu tangu 2024, kwa hiyo ukiona kitabu cha mdogo hakifanani na cha kaka yake, usishangae.

Kwa mwalimu, kuwapo kwa masomo hayo mawili ni bahati. Weka madaftari ya mtoto mmoja kando kwa kando. Kama kwenye moja anaeleza na kwenye jingine ananakili tu, umeshapata fununu ya kwanza.

## Mtoto amekwama wapi

5. Unajuaje mtoto amekwama wapi?

Kwa kumuuliza maswali yaleyale mara tatu. Kwanza anayapata kwa Kiingereza, kama yanavyokuja kwenye mtihani. Siku chache baadaye anayapata kwa Kiswahili, mpangilio ukiwa umebadilishwa. Mwisho tunakaa pembeni, ananijibu kwa mdomo.

Aliyeacha karatasi ya Kiingereza tupu na kujaza ya Kiswahili, historia anaijua. Lugha ndiyo imemfungia mlango. Anayeeleza vizuri kwa mdomo lakini karatasi zote mbili zina vipande vya sentensi, tatizo lake ni kuandika: hajaonyeshwa hoja inaanzaje, inaungwa mkono na nini, inaishia wapi. Anayekosa kote kote, kabla sijamwangalia yeye naangalia daftari la mahudhurio. Mtu hawezi kukumbuka mada iliyofundishwa akiwa shambani au akimuuguza mdogo wake.

Kuna na wa aina ya nne, ambaye husahaulika: asiyeona ubao. Anakaa nyuma, ananakili kwa jirani, na makosa ya jirani yanakuwa yake. Huyo mbinu za kufundishia hazimsaidii. Apimwe macho kwanza. Idara ya macho ya hospitali ya KCMC iko hapahapa mjini.

Jambo jingine linalojitokeza kwenye karatasi za Kiingereza ni kitenzi cha swali. Wengi hawatofautishi swali linalosema "taja" na linalosema "eleza" au "linganisha". Wanaorodhesha hoja sita za neno mojamoja mahali panapotakiwa hoja sita zenye maelezo, kisha wanashangaa alama zimekwenda wapi. Hili linarekebishika haraka kuliko yote.

6. Mtihani ni wa Kiingereza. Kuwafundisha kwa Kiswahili si kuwadekeza?

Kila kipindi chetu kinaishia kwa Kiingereza. Kilichobadilika ni mpangilio. Tuseme mada ni biashara ya masafa marefu. Tunabishana kwanza kwa Kiswahili: misafara iliyopanda kutoka Pangani hadi Kilimanjaro ilifuata nini? Pembe za ndovu na watumwa vilishuka pwani. Nguo, shanga na bunduki vilipanda. Nani alinufaika? Kwa nini mangi, yaani mtawala wa Kichagga, aliyekaa kwenye njia ya msafara alikuwa na nguvu kuliko jirani yake?

Ubishi ukiiva, ndipo yanaingia maneno ya Kiingereza, machache, yale ambayo jibu haliwezi kusimama bila hayo. Kila mwanafunzi anatunga sentensi yake mwenyewe kwa kila neno, kuhusu msafara uleule. Baada ya hapo anaandika aya, mwanzoni kwa vianzio vya sentensi nilivyompa, baadaye bila hivyo.

Halafu tuambizane ukweli: yeyote aliyesoma shule ya kata anajua kwamba mlango ukishafungwa, walimu wengi hueleza kwa Kiswahili. Mimi nimekipa Kiswahili nafasi yake kwenye ratiba tu, ili kisiishie kwenye minong'ono.

7. Miaka na karne vinamchanganya. Afanyeje?

Anza na kosa linalowakamata karibu wote: karne ya 19 ni miaka ya 1800, haikuwa ya 1900. Karne ya kwanza ilianza mwaka wa 1, kwa hiyo namba ya karne hutangulia kwa moja. Mtoto akishaona sababu hiyo, haihitaji kukaririwa.

Kisha tunafunga kamba ya kuanikia nguo ukutani, mita moja kwa kila miaka 100. Kadi ya kwanza ni mwaka aliozaliwa mwanafunzi, ya pili mwaka aliozaliwa bibi yake. Uhuru wa 1961 unakaa karibu sana na bibi, na hapo huwa kuna kelele. Kunyongwa kwa Mangi Meli wa Old Moshi, 1900, kunaangukia kama mita moja na robo kutoka leo. Mmisionari Rebmann kuuona mlima Kilimanjaro, 1848, ni nusu mita zaidi.

Ndipo ninauliza: fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai 1959, lina umri wa miaka milioni 1.75, kadi yake tuibandike wapi? Hesabu inatoa kilomita 17 na nusu. Kamba ingetoka darasani, ikashika barabara ya Arusha, ikapita nusu ya njia ya kwenda Boma Ng'ombe. Nimewasikia wanafunzi wakilibishania hilo hadi kituo cha daladala.

8. Anasoma usiku kucha, asubuhi hana kitu kichwani. Kwa nini?

Kwa sababu anasoma kwa kurudia kutazama daftari. Kutazama kunampa hisia ya kujua. Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, walichapisha 2006 jaribio walilofanya na wanafunzi wa chuo: waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya siku mbili, na baada ya wiki, waliokuwa wamejipima kwa kukumbuka bila kutazama ndio waliobaki na mengi.

Kwetu kila kipindi kinafunguliwa kwa maswali matatu, daftari likiwa limefungwa: moja la kipindi kilichopita, moja la wiki iliyopita, moja la zamani zaidi. Hakuna alama. Aliyekosa anaandika jibu sahihi mwenyewe, na swali lake litarudi.

## Ndani ya kipindi

9. Kipindi chenu kinakwendaje?

Chukua kile cha Mangi Meli. Wanafunzi wanapewa karatasi mbili fupi. Ya kwanza ina muhtasari wa upande wa Wajerumani: Meli na wenzake walishtakiwa kupanga njama dhidi ya serikali ya kikoloni, wakanyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900. Ya pili ni masimulizi ya wazee wa Old Moshi, yanayoanza nyuma zaidi, 1892, wapiganaji wa Meli walipokishinda kikosi cha Wajerumani na kumuua afisa von Bülow. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na jeshi kubwa chini ya von Schele, wakashinda. Masimulizi hayaishii kwenye kamba. Yanaendelea na kichwa cha Meli, kinachosemwa kilipelekwa Ujerumani, ambacho ukoo wake umekuwa ukikidai.

Mwanafunzi haruhusiwi kuniambia nani mkweli kabla hajajibu maswali matatu kwa kila karatasi. Nani anasema? Alikuwepo, au aliambiwa? Tukimwamini, yeye anapata nini? Baada ya hapo wanatafuta mambo ambayo pande zote mbili zinakubaliana, na hayo ndiyo yanayoandikwa kwanza kwa Kiingereza.

Wazo la kuanza na msemaji nimelitoa kwenye utafiti wa Sam Wineburg, uliochapishwa Marekani 1991. Aliwapa wanahistoria wanane na wanafunzi wanane wa sekondari nyaraka zilezile za mapigano ya Lexington, akawataka wafikiri kwa sauti. Wanahistoria walikuwa na kawaida ya kutazama kwanza nani ameandika. Wanafunzi walizisoma nyaraka kutoka juu hadi chini kama kitabu cha kiada. Wale walikuwa wanafunzi wazuri. Kwa hiyo anayekwama hapa kwetu hana upungufu wa ajabu. Hajaonyeshwa tu kazi yenyewe inafanywaje.

Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilivyofanywa Ujerumani vilihusisha baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa huko na familia za Tanzania, zikiwamo za Kilimanjaro. Nikilileta hilo darasani, hata wale wanaosinzia hukaa wima. Historia iliyodhaniwa imekwisha kumbe bado iko maabara.

10. Hayo ni mazuri, lakini Mangi Meli hatoki kwenye mtihani wa kidato cha pili. Si kupoteza muda?

Yeye anaweza asitoke. Vyanzo vya historia vinatoka, na mwanafunzi aliyelinganisha simulizi na maandishi anaweza kueleza faida na udhaifu wa kila chanzo kwa mfano wake mwenyewe, wakati jirani yake anaandika orodha ya kukariri.

Mfano ninaoupenda zaidi ni mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachagga wa kumwagilia mashamba. Kwenye mada ya uzalishaji kabla ya ukoloni, kitabu kinasema ardhi na maji vilimilikiwa kwa pamoja, na mtoto ananakili bila kuona kitu. Ukimuuliza wa Uru au Kibosho mfongo unaopita karibu na kihamba (shamba la ukoo) chao ulichimbwa na nani, zamu ya maji inapangwa na nani, na anayeiba maji usiku anafanywa nini, anakueleza umiliki wa pamoja, mgawanyo wa kazi na utawala bila kujua kwamba anajibu mtihani. Kazi yangu inabaki kumpa maneno ya Kiingereza.

11. Darasani kuna Wapare, Wamaasai, Wasambaa na wengine. Hii haiwi historia ya Wachagga tu?

Ingekuwa hivyo kama ningeishia hapo. Mpare analeta ufuaji wa chuma, ambao ndio moyo wa mada ya uhusiano wa jamii: jembe na mkuki vilivuka mipaka ya makabila kabla ya mkoloni. Mmaasai analeta mifugo na marika. Wako watoto waliozaliwa Pasua au Njoro ambao wazazi walifuata kazi mjini na hawana simulizi la ukoo. Kwao ninatumia mji wenyewe: reli iliyopanda kutoka Tanga enzi za Wajerumani, na KNCU, chama cha ushirika wa kahawa kilichoundwa 1933. Kila mtoto wa Moshi amepita mbele ya jengo lake.

12. Mimi niliishia darasa la saba na Kiingereza sijui. Nitamsaidiaje nyumbani?

Mama, baba, hapa ndipo unapofaa kuliko mimi. Mambo mawili yanatosha. Mtoto akirudi, mwambie akusimulie kipindi cha leo kwa Kiswahili, au kwa Kichagga, daftari likiwa limefungwa. Akikwama, usimjibu, mwache atafute. Akimaliza, muulize: "Umejuaje?" Ukikosa jibu, na yeye amekosa, mmeshapata swali la kuleta shuleni.

La pili, mpeleke kwa mzee. Bibi anayekumbuka bei ya kahawa ilivyopanda na kushuka, au alivyolipokea Azimio la Arusha mwaka 1967, ni chanzo cha historia kinachopumua. Mtoto aende na shikamoo yake, asikilize, aandike jina la msimulizi na kama alikuwepo au aliambiwa.

Hakuna mchango wowote wa fedha. Ukiombwa pesa kwa jina la utafiti huu, kataa.

## Kwa wanaotaka kujua utafiti wenyewe

13. Ruhusa inapatikanaje?

Kwa kifupi: barua ya utambulisho ya chuo, ofisi ya Katibu Tawala, Mkurugenzi wa Manispaa, Afisa Elimu Sekondari, ndipo mkuu wa shule. Anza mapema, nenda na nakala za ziada. Mzazi anasaini fomu ya ridhaa, na mtoto mwenyewe anaulizwa. Akisema hataki, hata kama mzazi amesaini, hashiriki. Majina hayaandikwi kwenye ripoti na picha za watoto hazipigwi.

14. Kuna kundi lisilopata vipindi hivi. Si uonevu?

Kundi la kulinganisha linapata masomo ya ziada ya kawaida kwa muda uleule, kisha zamu inageuzwa na wao wanapata vipindi hivi. Bila kundi hilo nisingeweza kusema lolote, kwa sababu mtoto yeyote anayepewa muda zaidi na mtu mzima anayemsikiliza huenda akapanda kidogo, mbinu iwe yoyote.

15. Wewe unafundisha, wewe unapima. Nani atakuamini?

Ndiyo maana karatasi zinasahihishwa na mwalimu mwingine, zikiwa na namba badala ya majina, naye hajui ipi ni ya kundi gani. Hata hivyo shule ni moja na wanafunzi ni wachache. Mtu asichukue nitakachokipata hapa akakitangaza kuwa ni hali ya Kilimanjaro nzima, achilia mbali Tanzania.

## Maswali magumu

16. Kisa cha Meli hakitagombanisha watoto wa Old Moshi na wa Marangu?

Kinaweza, na ndiyo sababu sikikwepi. Simulizi linalorudiwa sana Old Moshi linamtaja Mangi Marealle wa Marangu kuwa ndiye aliyepeleka fitina kwa Wajerumani. Mtoto ambaye ukoo wake ni wa Marangu akisikia hivyo darasani, anakunja uso, na wenzake wanamtazama.

Kanuni yetu ya kwanza ni kwamba hakuna aliyemo darasani aliyekuwepo 1900, kwa hiyo hakuna wa kujitetea wala wa kushtakiwa. Ya pili, simulizi linapitia maswali yaleyale ya swali la 9. Ya tatu ndiyo inayopoza moto: tunarudi nyuma miaka tisa. Mwaka 1891 Wajerumani walipompiga Mangi Sina wa Kibosho, waliungwa mkono na Rindi wa Moshi, babake Meli mwenyewe. Mamangi walikuwa na ugomvi wao na hesabu zao kabla mzungu hajafika, na kila mmoja alijaribu kumtumia mgeni dhidi ya jirani. Swali linahama kutoka "nani alisaliti?" hadi "kwa nini mtawala wa wakati ule aliona kuungana na Wajerumani kunamfaa?", ambalo ni swali halali kabisa la Historia, na mwanafunzi atakayekutana baadaye na mada ya upinzani dhidi ya ukoloni na ushirikiano na wakoloni atakuwa ameshalitafuna.

17. Bibi kasema hivi, kitabu kinasema vingine. Mtoto aandike nini?

Kwenye mtihani aandike kile anachoweza kukitetea kwa vyanzo vinavyokubalika, na hapo mara nyingi ni kitabu. Kwenye daftari lake la utafiti aandike vyote viwili, kwa majina ya wasemaji. Asimfute bibi kwa sababu kitabu kina jalada.

18. Vipi yule asiyeweza kusoma vizuri hata Kiswahili?

Yupo, na kumpa karatasi mbili za Meli ni kumwaibisha. Anasikiliza zikisomwa, anajibu kwa mdomo, na kwa kusoma kwenyewe anahitaji mwalimu wa kusoma, kazi ambayo vipindi vya Historia haviwezi kuibeba. Mimi si mtaalamu wa kutambua matatizo ya kujifunza, kwa hiyo simpachiki mtoto jina la tatizo. Ninaiarifu shule na mzazi.

19. Ninafundisha Arusha. Naweza kuchukua kadi na maswali yako?

Chukua, ila usichukue Meli ukamwacha kama alivyo. Arusha mna vyenu: Boma la Wajerumani la mwaka 1900, ambalo sasa ni makumbusho, jumba la makumbusho la Azimio, magofu ya Engaruka na mifereji yake kwa mada ya kilimo cha kale, na kesi ya ardhi ya Wameru, iliyompeleka Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa 1952.

Ukifika kwenye mauaji ya wamisionari wawili wa Kilutheri huko Meru, 1896, jiandae. Msafara wa kulipiza kisasi dhidi ya Wameru na Waarusha uliongozwa na Kapteni Johannes kutoka Moshi, afisa yuleyule aliyemnyonga Meli baadaye, na ulikuwa na wapiganaji wa Kichagga ndani yake. Darasa la Arusha lina Wachagga wengi. Anza na mwongozo wa swali la 16 kabla hujagawa karatasi.